Simu Zinaponyamaza: Redio ya Ridhaa na Wajibu Wetu Wakati wa Maafa

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei, Nzega)



Tume ya Haki na Amani imezoea kusimama mbele yenu na kusema juu ya ardhi, mirathi ya wajane, mauaji ya vikongwe na rushwa. Leo tumekuja na jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu. Tunataka kusema juu ya redio. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari, bali redio ya kupokea na kurusha, ile ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la simu ya upepo, na hasa tawi lake liitwalo redio ya ridhaa. Mtauliza mambo ya mitambo yanaihusu nini haki. Twawaomba mtuvumilie kidogo.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Katika masika ya mwaka mmoja usio wa mbali, kigango kimoja kilichoko ng'ambo ya mbuga kilizingirwa na maji. Umeme ulikatika, betri za mnara wa simu zikaisha siku ya pili, na mnara ukanyamaza. Usiku wa siku ya tatu mama mmoja alishikwa na uchungu, na mkunga akatambua kwamba mtoto amelala vibaya. Nyumba ile ilikuwa na simu tano za mkononi. Hakuna hata moja iliyopata mtandao. Katekista alikwenda kwa baiskeli hadi ilipokwama, kisha akatembea ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, akafika hospitali alfajiri. Gari lilipata njia ya kuzunguka saa sita mchana. Mama aliokoka, mtoto hakuokoka.

Hatusimulii habari hii ili kumlaumu mtu. Twaisimulia kwa sababu ya kitu tulichokikuta baadaye. Katika stoo ya parokia, chini ya magunia matupu, ilikuwapo simu ya upepo ya zamani, imejaa vumbi. Waya wa antena yake ulikuwa ukitumika kuanikia nguo.

Wengi wenu mnaikumbuka enzi ya redio hizo. Kabla ya simu za mkononi kuenea, parokia, nyumba za masista na hospitali nyingi za misheni zilikuwa na saa yao ya asubuhi ya kuitana. Kila kituo kiliitwa kwa zamu: nani mgonjwa, dawa gani imekwisha, padre yupi yuko safarini na hajafika. Shirika la madaktari warukao kwa ndege, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na ambalo leo tunalijua kwa jina la AMREF, liliunganisha hospitali za mbali za Afrika Mashariki kwa njia hiyohiyo. Ndege ilitua kwa sababu kwanza sauti ilikuwa imefika. Kisha zikaja simu za mkononi, nasi tukashukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini tulitupa jembe la zamani siku ileile tuliyopata trekta, bila kujiuliza siku trekta litakapokosa mafuta tutalima kwa nini.

Sisi watu wa njia ya misafara tungepaswa kuwa wa mwisho kusahau habari hizi. Mwaka 1871 Stanley alipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, aliukuta hapo mfuko wa barua uliokuwa wa kupelekewa Livingstone huko Ujiji. Mfuko huo ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Watu waliokabidhiwa mzigo walikuwa wamechelewa sana kuondoka pwani, na walipofika Tabora wakakaa. Vita kati ya Mirambo na Waarabu ikaifunga njia ya kwenda mbele. Ilichukua takriban mwaka mzima kwa barua hizo kumfikia mwenyewe, mzee mgonjwa aliyekuwa akisubiri habari kando ya ziwa. Ujumbe ulikuwapo, mpokeaji alikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya pili baada ya ile ya kwanza kufungwa.

Nasi leo, pamoja na minara yetu yote, mara nyingi tuna njia moja tu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara na reli ya kati. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zipitazo chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Sababu za matukio haya ni tofauti kabisa, nasi hatuzichanganyi. Lakini kwa mgonjwa aliye kijijini matokeo ni yaleyale: mlango ni mmoja, na umefungwa. Hapa ndipo jambo hili linapoingia katika kazi ya Tume yetu. Mwenye gari na fedha hupata njia nyingine; maskini ndiye anayebaki akishika simu isiyo na uhai.

Basi redio ya ridhaa ni nini? Mnajua mpira wa ridhaa: mchezaji hacheza kwa mshahara. Kadhalika mwanaridhaa wa redio ni raia wa kawaida, aliyejifunza, akapewa leseni na alama yake ya kuitana, ambaye huzungumza na wenzake bila malipo. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Umoja wao wa kimataifa uliundwa Paris mwaka 1925. Wakatoliki tunao ndugu maarufu kati yao. Mtakatifu Maximilian Kolbe, aliyeitoa nafsi yake badala ya mfungwa mwenzake na kufa huko Auschwitz mwaka 1941, alikuwa na alama SP3RN, na wanaridhaa wengi humhesabu kuwa msimamizi wao. Padre Marshall Moran, Mjesuiti aliyefanya kazi Nepal hadi kufa kwake mwaka 1992, alijulikana duniani kote kwa alama 9N1MM.

Namna redio hii inavyofanya kazi si uchawi. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu, yakagonga tabaka la juu la anga, kisha yakarudi chini. Hayahitaji mnara wala waya katikati. Ukitaka kuzungumza na Tabora, Mwanza au Dodoma wakati wa mchana, masafa ya mita 40 yanafaa. Usiku unashuka hadi mita 80. Antena yake ni waya wa shaba wenye urefu wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati, mita 10 kila upande, na kutundikwa kati ya miti miwili. Msiufunge juu mno. Mita tano au sita zinatosha, kwa maana waya ulio chini hupeleka mawimbi yake wima, nayo hurudi karibu, katika wilaya na mikoa jirani, mahali hasa tunapopahitaji. Miembe iliyopandwa katika nchi yetu tangu enzi za misafara ingefaa sana kazi hiyo. Umeme ni betri moja ya gari, pamoja na paneli ya jua ya kuichaji. Redio ikisikiliza tu hula umeme kidogo sana. Ikirusha kwa nguvu zote hula mara kumi au ishirini zaidi, na kwa hiyo mwenye hekima husikiliza sana na kusema kwa ufupi. (Tungependa kanuni hiyo itumike pia katika vikao vyetu vya halmashauri.)

Zile redio ndogo za kushika mkononi ni jambo jingine. Mawimbi yake huenda moja kwa moja kama macho yaonavyo, na katika mbuga tambarare kama zetu hufika kilomita chache tu. Zinafaa kati ya zahanati na nyumba ya mkunga, au kwa walinzi wa msafara wa hija. Msidanganywe na muuzaji anayewaahidi kwamba zitafika Tabora.

Je, redio hizi zimemsaidia nani? Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, simu na umeme vilikufa katika mji mkuu. Asubuhi ya siku iliyofuata, padre mmoja, John Henault, mwenye alama HH6JH, alisikika kutoka Port-au-Prince akitumia betri. Alisema kwamba yeye na wenziwe wako salama, lakini hakuna umeme wala simu. Mwishoni mwa mwaka 2004, mama mmoja Mhindi, Bharathi Prasad, alikuwa na kikundi chake katika visiwa vya Andaman kwa shughuli ya kujifurahisha ya wanaridhaa. Tarehe 26 Desemba tsunami ikaja. Waliacha mchezo papo hapo, wakaanza kupeleka habari za walio hai na waliopotea kutoka Port Blair kwenda bara.

Tutazame kwa makini mifano hii miwili. Mitambo haikuletwa baada ya maafa. Ilikuwa tayari imefungwa, na mwenyewe alikuwa tayari anajua kuitumia. Na zaidi ya hayo, upande wa pili alikuwapo mtu anayesikiliza.

Hapa Unyamwezini na Usukumani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Tuna mwano. Ukipigwa mwano usiku, aliyesikia hutoka. Asiyetoka huulizwa na jirani zake kesho yake, na Sungusungu hawamsahau. Nguvu ya mwano haiko katika koo la anayepiga, bali katika masikio ya kijiji kizima. Redio ni mwano wa mbali. Tukinunua mitambo kumi na kusiwe na mtu aliyewekwa zamu ya kusikiliza, tutakuwa tumenunua makabati. Kwa sababu hiyo sisi katika Tume hatuombi kwanza fedha za mitambo. Tunaomba watu.

Sasa maneno ya tahadhari, ambayo hatuna budi kuyasema wazi. Hakuna ruhusa ya kurusha bila leseni. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kanuni za kimataifa huitaka kila nchi ihakikishe kwamba mwombaji ana ujuzi. Kanuni hizohizo huzihimiza serikali ziruhusu vituo vya ridhaa vijiandae kusaidia wakati wa maafa. Kwa hiyo tukienda kuomba hatuombi upendeleo. Lakini Kanisa likishika mtambo kwa siri, hata kwa nia njema, litapoteza mtambo na heshima kwa pamoja.

Redio ya ridhaa haifanyi biashara. Kuagiza saruji ya ujenzi wa kanisa au kuuliza bei ya mpunga ni marufuku. Anayetaka kufanya hayo parokiani aombe leseni ya aina nyingine, ile ya mtandao wa kazi, kama misheni zilivyofanya zamani. Vilevile haina siri: hairuhusiwi kufumba maneno, na yeyote mwenye kipokezi husikia. Basi jina la mgonjwa na ugonjwa wake visitangazwe ovyo. Yatosha kusema: mama mjamzito, hali ya hatari, mahali fulani, tunahitaji gari.

Wengine watauliza kama redio hii si njia ya kusemea yale yanayokatazwa kusemwa mahali pengine. Jibu letu ni hapana. Tunayo mapambano yetu juu ya haki ya wananchi kupata habari, nayo tutayaendesha mchana, kwa majina yetu, mbele ya wahusika. Tukiichanganya redio ya wagonjwa na siasa, siku ya maafa hatutaaminiwa na upande wowote. Nasi tulio jirani na Rwanda hatujasahau jinsi kituo cha utangazaji cha RTLM kilivyotumia mawimbi kuchochea mauaji mwaka 1994. Mwendeshaji wetu atafundishwa kutenga aliloliona kwa macho yake na aliloambiwa, na kusema lipi ni lipi kila anapobonyeza kitufe.

Juu ya gharama tutasema machache. Redio mpya ya masafa marefu bei yake yakaribia ya pikipiki, iliyotumika hupungua. Waya, betri na paneli vinapatikana hapa hapa Nzega. Parokia mbili au tatu zaweza kuanza kwa kituo kimoja, kikiwekwa karibu na hospitali, si katika ofisi inayofungwa saa kumi jioni.

Tunachowaomba ni hiki. Kila parokia ituletee majina ya watu watatu, na angalau mmoja wao awe mwanamke, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Tusiletewe wale tu wanaopenda mitambo. Tunamtaka mtu mwenye subira, anayeandika vizuri, anayeweza kurudia ujumbe wa mwenzake bila kuongeza neno. Mwalimu mstaafu, muuguzi, katekista. Umri si kikwazo. Watafundishwa kwanza kusikiliza na kuandika, kisha ndipo waombe leseni. Katika eneo letu la dunia, ambalo lajumuisha Afrika na Ulaya, wanaridhaa wametenga kilohezi 7110 kuwa mahali pa kukutania wakati wa dharura, na kilohezi 14300 kwa dunia nzima. Zoezi la kwanza litakuwa kukaa nusu saa kila Jumamosi asubuhi kwenye namba hizo na kuandika daftarini kilichosikika, hata kama hakuna kitu.

Ile redio ya stoo tumeipeleka kwa fundi. Amesema yapona, isipokuwa kipaza sauti kimeliwa na panya. Waya wa antena tumeurudisha, na mama wa jikoni tumemnunulia kamba.