Msiba Unaosubiri Maziko

Tangu shambulio lililotoka Gaza dhidi ya Israel Oktoba 7, 2023, zipo familia za Israel zilizosubiri miili ya wapendwa wao irudishwe kutoka Gaza, nyingine kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa Wayahudi hilo ni jeraha juu ya jeraha, kwani matanga yao ya siku saba, shiva, kwa kawaida huanza baada ya maziko.

Katika shiva mfiwa huketi kwenye kigoda, vazi lake limechanwa. Mlo wa kwanza huletwa na majirani, mara nyingi mayai na dengu. Anayekuja kutoa pole hasemi mpaka mfiwa aanze. Desturi hiyo huhusishwa na kitabu cha Ayubu, ambamo marafiki waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kutamka neno. Naona hekima kubwa hapo, hasa wakati wa vita, pale kila mwenye kipaza sauti anapotaka kumweleza mama maana ya kifo cha mwanawe.

Maandiko nayo hayamharakishi mfiwa. Kitabu cha Maombolezo, kinachosomwa watu wakiwa wameketi sakafuni siku ya 9 ya mwezi wa Av wa kalenda ya Kiyahudi, kinamlalamikia Mungu waziwazi na kuwalilia watoto wenye njaa. Nani atakisoma leo asiwaone pia watoto wa Gaza?

Vijana wawili wa Tanzania waliokwenda Israel kusomea kilimo waliuawa katika shambulio lile. Mwili wa mmoja ulitoka Gaza Novemba 2025. Jamaa zake nao walikuwa wakisubiri kuzika.