WATOTO WA STENDI TUSIWAFUKUZE

Wanachama ambao hamkufika mkutanoni Jumapili, haya ndiyo maneno ya Katibu wa Tawi. Yasomeni kabla ya kura ya Jumamosi.



Mbele yetu ipo hoja moja: tawi liandike barua kuomba watoto wanaolala stendi na sokoni hapa Korogwe waondolewe. Walioitoa wana sababu zao. Mama lishe wanaibiwa, abiria wanaporwa simu, na watoto wananusa gundi mchana kweupe. Siyapingi hayo. Nauliza tu: waondolewe waende wapi?

Mji wetu uko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Mtoto ukimfukuza hapa asubuhi, jioni yuko Segera, kesho amedandia lori yuko Chalinze. Hatutakuwa tumemtoa mtaani. Tutakuwa tumempeleka mbali zaidi na kwao.

Na kwao si mbali. Kaeni nao muwaulize. Huyu katoka vijijini Handeni, huyu Mombo, huyu kwenye kambi za mkonge. Mama kafariki, baba kaoa, mtoto akawa mtu wa kupigwa na kunyimwa chakula. Mwingine mvua zimegoma, nyumbani mlo mmoja, akaambiwa akajitafutie. Ada ya shule iliondolewa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, lakini sare na madaftari bado ni mzigo wa mzazi, na hapo wengi hukwama.

Usiku wanalala juu ya maboksi kwenye vibaraza vya maduka. Alfajiri wanaokota chupa za plastiki na vyuma chakavu. Anachopata mdogo, mkubwa anamnyang'anya. Akiugua, hana wa kumpeleka zahanati. Wasichana hamwaoni sana, si kwamba hawapo: huchukuliwa mapema kwenda kufanya kazi za ndani bila mshahara, au mabaya kuliko hayo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimwiti mtoto huyu mhalifu. Inasema mtoto anayezurura bila makazi au anayeombaomba anahitaji matunzo na ulinzi. Jukumu la ustawi wake imeipa halmashauri, na mwananchi mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake imemtaka azifikishe huko.

Kwa hiyo naomba tuikatae barua ile, tuandike nyingine kwa Afisa Ustawi wa Jamii, yenye mambo matatu.

1. Aje tukae naye pamoja na watoto, kila mmoja aulizwe kwao ni wapi na alitokaje. Panaporudika, arudishwe kwa utaratibu na afuatiliwe. Pasiporudika, atafutiwe walezi wa kuaminika. Wanachama walio tayari kulea wajiandikishe kwangu.

2. Tukimwona mtoto mgeni stendi, taarifa itolewe siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa mtaa, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au simu 116, ambayo ni bure. Akishazoea mtaa, kumrudisha ni kazi ngumu. Na akiiba, apelekwe polisi. Asipigwe na kundi.

3. Wenzetu wa vijijini, mtoto asipoonekana shuleni wiki moja, mtu aende kwao akaulize. Tutenge sehemu ya michango ya tawi kwa sare na madaftari. Daftari la leo ni rahisi kuliko kumtafuta mtoto Dar es Salaam mwakani.

Mama lishe wanaoibiwa ni wanachama wetu, na kero yao ni ya kweli. Lakini stendi itatulia siku watoto watakapokuwa na pa kulala.

Kura ni Jumamosi saa kumi jioni. Mwenye simu amsomee asiye na simu.