Tembe Zikirukwa, Virusi Hupata Nafasi: Mazungumzo kwa Wakazi wa Karagita



Mkataba ukiisha, mfanyakazi wa shamba la maua hufunga virago na kurudi kwao. Akikosa dawa za ARV huko, virusi hupata nafasi. Virusi hujinakili kila siku, na nakala nyingine hutoka na kosa. Dawa ikipungua mwilini, nakala ambazo kosa hilo limezikinga ndizo huongezeka. Huo ndio usugu wa dawa.

Kituo kimoja cha afya hakiwezi kuuona usugu wote. Kwa hivyo watafiti huweka pamoja taarifa za kijenetiki za virusi. Hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilianza 1998 na iko wazi kwa maabara zote. Ushirikiano wa PANGEA umekusanya maelfu ya sampuli kutoka nchi kama Uganda, Zambia, Botswana na Afrika Kusini. Kinacholinganishwa ni virusi, si majina ya watu. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hulinda habari za afya za kila mtu.

Kenya ilianza kutumia dolutegravir (DTG) mwaka 2017. Virusi huishinda kwa shida, lakini usugu dhidi yake umeshaonekana.

Anayehama aombe barua ya uhamisho na dawa za kutosha. Anayebaki apimwe kiwango cha virusi tarehe ikifika. Kikipanda, aseme ukweli kuhusu tembe alizoruka, maana bila hilo mhudumu hawezi kumchagulia dawa inayomfaa.