KESI WASHINDWE WAO, BILI TULIPE SISI?

(Haya ndiyo niliyozungumza kwenye kongamano la vijana wetu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Nimepewa dakika kumi, kwa hiyo salamu nazifupisha.

Nianze kwa kukiri. Mwaka 2011 nilikuwa sekondari, na kama wengi wenu nilipiga kelele: "Dowans isilipwe!" Mnakumbuka? Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, umeme ukawa wa mgawo, Serikali ikakimbilia mkataba wa dharura na Richmond wa megawati 100. Mitambo haikuja kwa wakati, mkataba ukahamishiwa Dowans, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. TANESCO ikavunja mkataba. Dowans wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, ICC, na Novemba 2010 TANESCO ikaamriwa kulipa takribani shilingi bilioni 94. Sisi tukapiga kelele. Septemba 2011 Mahakama Kuu ikaisajili tuzo ile, na riba ilikuwa inatembea tu.

Leo nasema hivi, na najua wengine mtaguna: kaulimbiu yetu ililenga pabaya. Sisi wapinzani ndio tunaokimbilia mahakamani kila kukicha. Mkutano umezuiwa, mahakamani. Mgombea ameenguliwa, mahakamani. Tukikubali kwamba Serikali inaweza kupuuza hukumu isiyoipenda, itaanza na za kwetu. Deni likishathibitishwa na mahakama, lilipwe. Swali tulilopaswa kuuliza 2011 ni hili: litoke mfukoni mwa nani?

Niwape mfano wa nyumbani. Mjomba wangu ni fundi seremala. Halmashauri moja ilimpa kazi ya madawati. Akakopa, akanunua mbao, akakabidhi mzigo, akasainiwa. Hela hakuna. Akaenda mahakamani, akashinda. Tulichinja kuku siku ile, jamani! Baada ya hapo kila mwaka anaambiwa, "Mzee, bajeti imeshapita, njoo mwakani." Akamuuliza wakili kama anaweza kukamata hata gari moja la halmashauri. Akajibiwa kwamba mali ya umma haikamatwi. Mjomba ameuza mashine yake ya kuranda ili alipe mkopo wa mbao. Hukumu bado anayo, ameiweka kwenye faili la plastiki, juu ya kabati.

Wakili hakumdanganya. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakataza kukamata mali ya Serikali kutekeleza hukumu. Unapewa hati, unaipeleka kwa afisa masuuli, unasubiri. Na mwaka 2020 sheria hiyo ilirekebishwa: ukitaka kuishtaki hata halmashauri yako au shirika la umma, lazima utoe notisi ya siku 90 na umuunganishe Mwanasheria Mkuu.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 2017 ndege yetu ya Bombardier ilizuiliwa Canada kwa sababu ya deni. Agosti 2019 Airbus yetu ikakamatwa Johannesburg, kwa madai ya fidia ya mashamba yaliyotaifishwa miaka ya 1980. Wanasheria wa Serikali walipanda ndege haraka, na mapema Septemba ndege ikaachiwa. Kwa mjomba hakuna aliyepanda hata bodaboda.

Halafu madini. Mwaka 2017 Sheria ya Madini ilibadilishwa kwa hati ya dharura, mbio mbio, na leseni za kuhodhi maeneo zikafutwa. Wabunge wetu walionya kwamba tutashtakiwa, wakaitwa si wazalendo. Wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill wakashtaki. Julai 2023 wakapewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 109. Julai 2024 Serikali ikamalizana nao kwa dola milioni 90. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 200, makamanda. Gawanyeni wenyewe ni madarasa mangapi.

Mimi siwalaumu waliolipwa. Walikuwa na mkataba, walikuwa na mawakili, walikuwa na ndege ya kukamata. Ninachouliza ni nani aliyesaini, nani aliyekurupuka, na yeye amelipa shilingi ngapi? Mkataba anauvunja mkubwa akiwa ofisini kwenye kiyoyozi. Bili inalipwa na mama anayenunua sukari na kijana anayekatwa tozo kwenye simu. Mkubwa mwenyewe anahamishiwa kituo kingine, mara nyingine anapandishwa cheo.

Na msiambiwe kwamba sheria haipo. Sheria ya Fedha za Umma, Sura ya 348, inaruhusu mtumishi aliyesababisha hasara kwa uzembe alipishwe. Kinachokosekana ni mtu wa kuitumia.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. La kwanza, kila hukumu dhidi ya taasisi ya umma ilipwe kwa tarehe inayojulikana, na kila bajeti iwe na kifungu chake. Seremala apange foleni moja na mwekezaji. La pili, kila malipo ya aina hii yafuatwe na uchunguzi wa nani alisababisha, na matokeo yawekwe wazi. La tatu, makubaliano yote ya kumalizana nje ya mahakama yapelekwe bungeni na yasomwe hadharani. Hela ni yetu, siri iwe ya nani?

Mkirudi nyumbani, msingoje 2030. Ripoti za CAG za serikali za mitaa huzungumzia kesi zinazozikabili halmashauri na hasara inayoweza kutokea. Zisomeni. Nendeni kwenye kikao cha baraza la madiwani, mkae nyuma kule kwa wananchi, halafu mkitoka mumshike diwani wenu: tuna kesi ngapi, tumeshindwa ngapi, nani anatudai, na nani alitufikisha hapa? Akishindwa kujibu, mrudi kikao kinachofuata.

Mjomba hadai huruma. Anadai hela ya madawati ambayo watoto wameyakalia mpaka wamemaliza shule.