Hatua Moja Langoni: Jinsi Tunavyomhukumu Golikipa



Kwenye chandimu za utotoni, langoni alipelekwa asiyejua kupiga chenga. Hivyo tulikua tukiamini kwamba golini ni mahali pa kumtupa mtu. Tulipohamia jukwaani tukaenda na hukumu ile ile: mshambuliaji akikosa mabao matatu ya wazi, “leo hana bahati”, kipa akiteleza mara moja, “kauza mechi”. Hoja yangu jioni hii ni kwamba tunamhukumu kipa kwa kilichotokea, tukasahau kuuliza alikuwa anajua nini alipoamua.

Tuifungue upya kesi moja. Tarehe 16 Julai 1950, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, umefurika watu zaidi ya 170,000. Brazili wakipata sare tu na Uruguay, Kombe la Dunia ni lao, na Friaça amekwisha kuwapa bao la kuongoza. Dakika ya 66 Alcides Ghiggia anachomoka winga ya kulia, anamimina krosi, Juan Schiaffino anasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia anakuja tena kwa njia ile ile. Kipa Moacir Barbosa anasogea hatua moja kutoka kwenye nguzo ya karibu ili aiwahi krosi. Ghiggia anapiga golini, na mpira unapenya pale pale alipoondoka. Mbili kwa moja.

Tuipime hatua ile. Dakika 13 tu nyuma, mtu yule yule, kutoka upande ule ule, alitoa krosi iliyozaa bao. Kipa ambaye asingejifunza hapo ndiye angestahili kuitwa mzembe. Lakini Wabrazili hawakutaka kupima. Walitaka wa kubeba msiba. Lawama ziliwaelemea Barbosa na mabeki Bigode na Juvenal, wote watatu weusi. Lawama ina macho yake: huenda moja kwa moja kwa yule ambaye jamii ilikuwa ikimshuku tangu zamani. Mwaka 1993 Barbosa alizuiwa kuitembelea timu ya taifa mazoezini, eti asije akaitia mkosi. Alikuwa akisema kwamba kifungo kirefu kabisa nchini mwake ni miaka 30, ila yeye ametumikia 50. Alifariki Aprili 2000.

Sasa tutazame penalti. Mpira wenye kasi ya kilomita 100 kwa saa hukata mita 11 kwa takriban sekunde 0.4. Hapo kipa hana nafasi ya kuona kisha kuamua, anabashiri. Mwaka 2007 Michael Bar-Eli na wenzake walichapisha uchambuzi wa penalti 286. Karibu 3 katika kila 10 zilipigwa katikati, ilhali makipa walibaki katikati kwa asilimia 6 tu. Waliobaki waliokoa theluthi moja. Walioruka hawakufikisha asilimia 15. Ni kweli, makipa wote wakianza kusimama, wapigaji nao watabadili mbinu. Lakini mbona wanaruka mno? Watafiti hao wanasema kufungwa umesimama kunauma kuliko kufungwa umeruka. Na sisi jukwaani tunalijua hilo: aliyeruka “kajitahidi”, aliyesimama “kaganda kama gogo”. Kelele zetu zinaingia hadi langoni, kipa anaruka ili aturidhishe.

Kazi yake iliyo bora hatuioni kabisa. Amempanga beki kwa sauti, amesogea hatua mbili mbele akaziba pembe, mshambuliaji akaghairi kupiga akatoa pasi. Shuti halikupigwa, makofi hayakusikika. Ndiyo maana Ballon d’Or, iliyoanza 1956, imewahi kwenda kwa kipa mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963. Na hata yeye, mwaka mmoja kabla, alikuwa ametupiwa lawama Umoja wa Kisovyeti ulipotolewa Kombe la Dunia nchini Chile.

Wikiendi hii bao likiingia, rudisheni mkanda kabla ya kufungua midomo. Mpira ulipotelea wapi? Nani alipitwa? Kipa alikuwa ameona nini mpaka hapo? Huenda bado mkamkuta na hatia, maana makipa hukosea kweli. Basi na alipe bao moja, asilipe miaka 50.