Inua Mkono, Ndege Isimame!

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Maneromango)

Haya, simameni kidogo. Nyosheni mkono kama trafiki anayesimamisha basi la Kisarawe. Safi! Ishara hiyo mashine yaweza kuisoma.

Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, kamera ya michezo ya video. Ilimwaga vidoa vya mwanga usioonekana kwa macho, ikapima umbali wa kila sehemu ya mwili. Kompyuta ikakuchora kwa maungio 20: bega, kiwiko, goti na kadhalika. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, wakaiunganisha na droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani. Ukisogeza mkono, nayo inasogea. Bomba, siyo?

Lakini ngoja kwanza. Kamera ikikupoteza je? Labda mwenzako kapita mbele yako, au mko nje na jua kali limeufunika ule mwanga. Mapanga ya droni yanazunguka kasi, yanakata vidole! Kwa hiyo programu nzuri huambiwa mapema: usipomwona mtu, simama hewani, kisha tua. Na mtu wa pili ashike kitufe cha kuzima. Kibali cha kurusha nacho msikisahau.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Mwanzoni kamera ilizoea mtu aliyesimama. Je, aliye kwenye kiti cha magurudumu? Mwaka 2012 ndipo Microsoft ikaongeza namna ya kumsoma aliyeketi, kwa maungio 10 ya juu. Walichelewa, kwa maoni yangu.

Mtaniuliza, hii inahusu nini afya? Mwaka 2018 droni ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kama kilometa 60, kwa dakika 40 hivi. Ile ilifuata njia iliyopangwa, haikuongozwa kwa ishara. Nani angeuona mkono wako kutoka Ukerewe, jamani!

Kinect iliacha kutengenezwa 2017, ila siku hizi hata kamera ya simu, ikiwa na programu yake, inasoma maungio. Ninyi anzeni bila ndege. Kaeni wawili wawili, mmoja atoe ishara, mwingine awe droni. Chagueni ishara nne ambazo hata aliyeketi anaziweza. Ya kwanza iwe “simama”.