Nyumba ya Kupangisha na Matumizi ya Umeme: Wajibu wa Mwenye Nyumba na Haki ya Mpangaji

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja)



Kama inavyofahamika, sehemu kubwa ya umeme unaotumika Unguja hununuliwa Tanzania Bara na kuletwa na Shirika la Umeme Zanzibar kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa mwanzo, wenye uwezo wa megawati 45, ulilazwa mwaka 1980. Waya wa pili, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani. Kabla ya waya huo wa pili wananchi walipata funzo lisilosahaulika. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kilikaa gizani miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, na mwenye uwezo wa kununua mafuta ndiye aliyewasha jenereta.

Hivyo basi, uniti ya umeme inayopotea bure ni hasara ya mlipaji na ni hasara ya kisiwa kizima. Mazungumzo haya yanahusu mahali ambapo upotevu huo hutokea bila ya kuonekana, nao ni nyumba ya kupangisha.

Katika nyumba hiyo mtu mmoja huamua na mwengine hulipa. Mwenye nyumba ndiye anayechagua paa, dari, madirisha na nyaya. Mpangaji, ambaye mara nyingi hutakiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, huingia ndani akiwa hajui nyumba ina tabia gani. Akishahamia hugundua kwamba chumba hakikaliki mchana kwa joto la mabati yasiyo na dari, au kwamba mita ni moja kwa familia tatu. Mita za kulipia kabla, maarufu kwa jina la TUKUZA, zimemwezesha mlipaji kuona uniti zake zikipungua. Lakini hazimwambii ni kwa sababu gani zinapungua.

Nchi za Ulaya zimelitatua jambo hili kwa cheti. Katika England na Wales, tangu mwaka 2008 mwenye nyumba anayepangisha hutakiwa kuwa na cheti kinachoonesha matumizi ya nishati ya nyumba yake kwa herufi, kuanzia A iliyo bora hadi G iliyo dhaifu, na mpangaji hukiona kabla ya kufunga mkataba. Kuanzia Aprili 2020, nyumba iliyo chini ya daraja la E haipangishwi huko ila kwa msamaha maalumu. Jirani zetu wa Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012, waliyataka majengo na viwanda vyenye matumizi makubwa ya umeme vikaguliwe na wataalamu.

Ulaya cheti hupima namna nyumba inavyohifadhi joto. Hapa kwetu kinachotakiwa ni nyumba kulitoa joto, na elimu hiyo wazee wetu walikuwa nayo. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake nene huchelewesha jua kuingia ndani. Uwanda wa kati hupandisha hewa ya moto juu. Na madirisha marefu hupokea upepo wa kaskazi na kusi. Nyumba hizo huharibika pale uwanda unapozibwa ili kupatikana chumba kimoja zaidi cha kukodisha, na kuta zinapopigwa plasta ya saruji. Saruji huuzuia unyevu kutoka, ukuta ukaoza kwa ndani, na chumba kisicho na hewa kikahitaji kiyoyozi.

Gharama yake inahesabika. Kiyoyozi kinachotumia wati 1,000, kikifanya kazi mfululizo saa nane kwa usiku, humaliza uniti 8, sawa na uniti 240 kwa mwezi. Feni ya wati 60 kwa saa hizo hizo haimalizi uniti 15 kwa mwezi mzima. Globu tano za zamani za wati 60, zikiwashwa saa sita, hutumia uniti 1.8 kwa siku. Taa tano za LED za wati 9 hutumia uniti 0.27 tu. Tofauti hiyo hutoka mfukoni mwa mpangaji kila mwezi, ilhali dari ingegharamiwa mara moja.

Mazungumzo haya hayatangazi sheria wala ada mpya. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia mwenye nyumba muungwana kuandika karatasi moja, ikaambatanishwa na mkataba, yenye mambo manne: kwamba mita ni ya mpangaji peke yake au ni ya kushirikiana, na kama ni ya kushirikiana malipo yanagawanywa vipi; uniti zilizotumika katika miezi mitatu iliyopita; hali ya paa, dari na madirisha; na tarehe ambayo fundi alikagua nyaya mara ya mwisho. Mpangaji naye ana haki ya kuyauliza hayo kabla ya kutoa fedha zake, na kuuliza si utovu wa adabu.

Aidha, ikumbukwe kwamba mwenye nyumba si mtu binafsi peke yake. Shirika la Nyumba na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana pia zina wapangaji. Mtumishi wa Serikali anayemhimiza mwananchi aweke dari hana budi kwanza kutazama nyumba zilizo chini ya dhamana ya ofisi yake. Vyenginevyo maneno yake hayatakuwa na uzito.

Mwisho, wenye nyumba za Mji Mkongwe wanakumbushwa kwamba mabadiliko ya paa, madirisha au kuta yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kufungua uwanda uliozibwa na kurejesha chokaa ni matengenezo yanayoihifadhi nyumba na kumpunguzia mpangaji gharama kwa wakati mmoja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya kupangisha, ufa ni wa mwenye nyumba, lakini anayeulipia kila siku ni mpangaji.